Waliotembea Kinyumenyume Mbele ya Mtemi

Nilikuwa mlinzi wa mtemi kwa miaka minne na ushei, na katika muda huo wote sikupata kumlinda na kitu kikubwa kuliko jogoo. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanipa heshima isiyo yangu. Ila jogoo mwenyewe hakuwa wa mchezo. Alikuwa na kimo cha mbuzi na macho mekundu kama ya mtu aliyekosa ugoro siku tatu, na alimrukia Mtemi hadharani, mbele ya wazee wa baraza. Nilimpiga teke moja akaenda kuangukia wilaya ya Kahama.

Mambo haya yalikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika utemi mmoja mdogo upande wa Shinyanga, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka stesheni ya Isaka, au nusu siku kwa mtu mwenye miguu kama yangu. Nilikuwa nimerudi kutoka Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kwa miaka mitatu mchana nilisukuma toroli la mawe na baada ya kazi nilisoma shule ya usiku. Mwalimu wetu alikuwa karani wa stoo, mtu mpole, aliyetufundisha kusoma, kuandika, na hesabu za kuzidisha hadi sita mara nane. Kabla hatujafika saba alihamishwa. Hadi leo, kuanzia saba mara saba natumia busara tu. Lakini cheti nilipata, chenye muhuri, na nilikileta nyumbani ndani ya mwanzi kana kwamba ni mshale wa sumu. Watu walitoka vijiji vinne kuja kukiona. Bibi mmoja alikinusa, akasema kinanuka serikali.

Habari zikamfikia Mtemi. Akaniita, akaniambia nisimame wima kando ya mlango wake. Nikaupita mlango kwa kichwa kizima na shingo kidogo.

"Una urefu," akasema, "na una cheti. Vyote viwili nina kazi navyo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kikosini.

Tulikuwa kumi na wawili. Kila mmoja alikuwa na mkuki, kofia nyekundu ya kitambaa, na ngozi begani. Ngozi zilikuwa za chui, kwa jina. Yangu ilikuwa imenyonyoka hata madoa ikabidi mtu ayakumbuke mwenyewe. Tulikuwa pia na gobori moja, tulilolishika kwa zamu, na kila aliyelishika aliomba lisije likahitajika, maana ndani ya mtutu wake waliishi nyigu, nao walikuwa kikosini kabla ya wengi wetu.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mtemi akitaka kutoka, tunagonga mikuki chini mara tatu. Kisha tunamtangulia. Na hapo kwenye kumtangulia ndipo palipokuwa na elimu, kwa sababu mlinzi hakuruhusiwa kumpa Mtemi mgongo hata dakika moja. Kwa hiyo tulimtangulia tukiwa tumemwelekea yeye, kinyumenyume, watu kumi na wawili wenye mikuki wakirudi nyuma kwa pamoja, kupita njia za ng'ombe, mashina ya mtama na mito mikavu. Nimetembea hivyo kilomita nyingi kuliko alizotembea mtu yeyote kwa mbele. Ukinitazama viatu vyangu hata leo vinaisha kisigino kwanza.

Aliyenifundisha alikuwa Mkuu wa kikosi. Mzee wa miaka kama sitini, mwembamba, amenyooka kama mpini, hacheki mpaka umwombe. Mahali pake palikuwa upande wa kulia wa lango la ikulu, na hapo hapo ndipo baba yake alipokuwa akisimama kabla yake.

"Macho yako yasahau," aliniambia siku ya kwanza. "Mlinzi anaona kwa kisigino. Kisigino kikikwambia kuna shimo, kiamini."

"Na kisipokwambia, mzee?"

"Basi utaambiwa na shimo."

Wiki ile niliambiwa na mashimo tisa, zizi moja la mbuzi, na arusi moja ambako niliangukia katikati ya wazee wa upande wa bibi arusi. Walinipa chakula, wakidhani ni sehemu ya mila.

Upande wa kushoto wa lango alisimama msaidizi wa Mkuu, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka Maganzo. Sisi tulimwita Wa Kushoto. Naye alirithi mahali pale kwa baba yake. Hawa wawili walikuwa wamesimama hatua sita baina yao kwa miaka thelathini, na kila asubuhi mazungumzo yao yalikuwa yale yale.

"Sogea huko, mwizi wewe."

"Mwangaluka na wewe, ngosha," Mkuu alijibu, akitazama mbele, maana hiyo ndiyo salamu ya asubuhi kwetu, na ngosha ni mwanamume, na yeye hakuwa mtu wa kuacha salamu kwa sababu ya tusi.

Mimi nilidhani ni utani. Kila mtu alidhani ni utani.

Basi kiangazi kimoja, pamba ikiwa imekwisha kupelekwa kuuzwa, akaja tarishi wa Boma juu ya baiskeli na barua. Mtemi akaniita niisome mbele ya kikosi kizima. Nikakohoa kama alivyokuwa akikohoa mwalimu wangu, nikasoma. Bwana Shauri, yaani yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa anapanga upya utumishi wa nyumba za watemi wote. Kikosi chochote cha walinzi kitakachoonekana kuwa ni cha jadi kitaachwa. Kikosi kitakachoonekana kuwa ni cha urembo tu, kilichoanzishwa juzi juzi, kitavunjwa, na mahali pake patawekwa matarishi wawili wenye baiskeli. Yeye mwenyewe angekuja Alhamisi ya wiki iliyofuata kuona kwa macho na kusikiliza historia ya kikosi, iliyoandikwa.

Nilipomaliza, hata nyigu walinyamaza.

"Jadi ni nini?" akauliza Mkuu.

"Ni kitu cha tangu na tangu, mzee."

"Basi ni sisi."

"Ni sisi kabisa."

"Hebu rudia pale pa baiskeli."

Nikarudia. Akatazama ile baiskeli ya tarishi, iliyoegemezwa ukutani upande wa kulia wa lango, mahali pake hasa.

Mchana ule alinifuata nikiwa nachonga kalamu. Akakaa chini, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya akiwa amevaa kofia.

"Kijana," akasema, "ukinivua hii kofia, unajua kinachobaki?"

"Hapana, mzee."

"Mzee mwembamba. Basi. Hakuna kingine. Huku duniani wamejaa. Sasa hivi nikipita, watu wanasimama kando. Wanadhani wanampisha Mtemi, lakini wa kwanza kupita ni mimi, na hata wanangu wamelelewa kwa kupishwa huko." Akaigusa kofia. "Na mke wangu amekwisha kununua jembe."

Ilikuwa kweli. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache lakini yaliyonolewa. Alikuwa ametia jembe jipya mpini na kuliweka mlangoni, palipo wazi. Alimwambia: "Miaka thelathini unanirudia nyumbani kinyumenyume. Alhamisi ikipita, utakwenda shambani kwa mbele, baba, nione mgongo wako unafananaje."

Mtemi akanipa mimi kazi ya kuandika historia. "Iandike ndefu," akaniamuru. "Huyu bwana anapenda vitu virefu. Nilimwona alivyoipenda reli."

Nikazunguka siku tatu nikiuliza wazee kikosi kilianzaje. Kila mzee alisema kilikuwepo alipozaliwa, kisha akaniomba tumbaku. Hapo niliona wazi kwamba historia yetu ilikuwa imelala mahali, na kwamba jukumu la mtu mwenye cheti ni kuiamsha. Nikaiamsha kwa nguvu. Niliandika kwamba hapo kale Wangoni walikuja kama nzige, jua likafunikwa na vumbi la miguu yao, na kwamba mababu wa kikosi, sita kwa hesabu, walisimama langoni siku kumi na saba bila kula wala kunywa isipokuwa hasira. Niliandika kwamba walipigana kinyumenyume ili adui asijue kama wanakuja au wanakwenda. Sehemu hiyo bado naiona ni nzuri. Baba wa Mkuu nilimpa maadui arobaini aliowaua kwa mkono wake. Baba wa Wa Kushoto nilimpa kumi na mmoja.

Wa Kushoto akapata habari. Hakuwa anajua kusoma, lakini alikuwa na pua ya mambo hayo.

"Kumi na mmoja?" akaniuliza. "Baba yangu mimi? Na baba ya yule?"

"Arobaini."

"Nipe thelathini."

"Mzee, Wangoni wenyewe hawatoshi. Nimekwisha gawa jeshi lote."

"Basi mpunguze yeye! Kijana, we' umetoka Geita na elimu, unashindwaje kuua watu kumi na tisa zaidi?"

Nikampandisha mpaka kumi na watatu. Aliondoka akinung'unika, nami nikadhani yameisha.

Siku mbili kabla ya Alhamisi, Mkuu akaniomba nikamsomee mama yake ile historia. Bibi huyo alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa hai aliyeiona siku ya kwanza ya kikosi, na mwanawe alitaka aisikie kabla ya serikali. Tukamkuta uani asubuhi, amekaa juu ya ngozi, anabangua karanga. Umri wake nakadiria miaka mia moja na arobaini, ingawa mwanawe alishikilia themanini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu mnara ni wa nani?"

"Ndiye kijana wa cheti, mayu," akasema Mkuu. Mayu kwetu ni mama. "Ameandika habari za baba. Msikilize."

Nikasoma kwa sauti yangu ya shule. Bibi akabangua, akabangua, mpaka nilipofika kwenye arobaini. Hapo akasimamisha kidole.

"Huyo ni nani huyo?"

"Mume wako, bibi."

"Kaua nani?"

"Wangoni arobaini."

Bibi akacheka. Alianza kwa mabega, akaja tumbo, ungo ukapinduka, karanga zikamwagika uani na kuku wa kijiji kizima wakaja mbio. "Mume wangu!" akasema, anafuta machozi. "Mume wangu alikuwa anamkimbia ndama! Mwanangu, nani kawaambia baba yako alikuwa mlinzi? Baba yako alikuwa analindila!"

Ni lazima nieleze hapa, maana historia nzima imekaa juu ya neno hili. Kwa Kisukuma, kulindila ni kungoja. Ukitaka mwenzako asikuache njiani unamwambia "nilindile", yaani ningoje. Kulinda kwa Kiswahili ni jambo jingine kabisa.

Bibi akatusimulia. Siku moja mtamba wa jirani yao alipotea, akaonekana katika ng'ombe wa mumewe, amekwisha zaa. Jirani akasema ni wake. Mumewe akasema kamlisha, ni wake. Wakapeleka shauri kwa Mtemi wa wakati huo, babu yake huyu wetu, kila mmoja na mashahidi wawili. Jumla watu sita, na mikuki yao, maana wakati huo mtu hakutoka nyumbani bila mkuki. Mtemi akawaambia: ngojeni nje. Wakakaa langoni, mume wa bibi kulia, jirani kushoto, wasigusane.

"Wakangoja siku tatu, wiki, mwezi," akasema bibi. "Mtemi akitoka, wanagonga mikuki chini, ajue wapo. Akipita, wanamkimbilia mbele, wanamwomba usoni: Mtemi, shauri letu! Mtemi, mtamba! Naye haachi kutembea. Basi na wao wanarudi nyuma huku wanaomba."

Nikamtazama Mkuu. Mkuu akatazama visigino vyake.

Ndipo akaja Mjerumani, na karani wake wa pwani mwenye kanzu nyeupe na daftari, kuandika mali na watu wa Mtemi. Karani akauliza: hawa sita wenye mikuki hapa langoni ni nani? Mtumishi wa Mtemi, ambaye Kiswahili hakukijua, akajibu: "Balilindila." Wanangoja. Karani akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaandika: walinzi, sita. Mjerumani akapendezwa kwamba Mtemi ana walinzi, akatoa kitambaa chekundu kila mtu ashone kofia. Mtemi naye alipojiona ana walinzi walioandikwa, akaona aibu kuwarudisha nyumbani. Akawaambia wabaki, na watemi waliofuata wakaongeza wengine hadi kumi na wawili.

"Na shauri?" nikauliza.

"Shauri gani tena? Mlinzi wa Mtemi atamshtaki mlinzi mwenzake? Wakazeeka pale pale, hawasemezani." Akaanza kuokota karanga, akiwafukuza kuku. "Na yule mtoto wa jirani, yuko bado pale kushoto? Mnene yule?"

Tukaanza kurudi ikulu. Njiani Mkuu alisimama mara moja tu.

"Miaka thelathini ananiita mwizi," akasema, "na mimi namwita mwongo moyoni. Kumbe mwenzangu alikuwa na hoja."

"Mzee," nikasema, "hii ikisomwa mbele ya Bwana Shauri, tumekwisha. Hatuna jadi. Tuna foleni."

Akafikiri sana. "Soma ile ya Wangoni," akasema.

Alhamisi ikafika. Tulikuwa tumepaka ngozi mafuta ya samli mpaka inzi walikuja kwa vikosi vyao. Saa nne Landrova ya Boma ikasimama mbele ya lango, na Bwana Shauri akashuka, mrefu, mwekundu, suruali fupi, pamoja na karani wake. Sisi hatukumwona, kwa sababu tulikuwa tumetazama upande wa pili. Mtemi alikuwa akitoka ndani kumlaki, na sisi tulikuwa mbele ya Mtemi, kinyumenyume.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba mila yetu haikuwa imefikiria wageni. Watu kumi na wawili tulikuwa tunarudi nyuma kuelekea serikali, tumetanguliza makalio. Bwana Shauri akarudi hatua. Tukazidi kuja. Akarudi tena, mpaka mgongo ukagota boneti. Nilisikia kitu laini kwenye kisigino changu, nikakiamini, nikasimama. Ulikuwa mguu wa Bwana Shauri.

"Hii ni heshima ya namna gani?" akauliza karani wake.

"Ya jadi," nikajibu haraka, nikiwa bado nimesimama juu ya bwana wake.

Wakaketi. Nikatoa karatasi zangu, nikasoma historia. Nilisoma vizuri, sitaki kujisifu, lakini nilipofika penye hasira ya siku kumi na saba kuna mwanamke alilia. Bwana Shauri alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa kukubali. Mtemi alikuwa anatabasamu. Mkuu alikuwa amesimama kulia kwa lango, hapepesi jicho. Nikasoma arobaini. Nikasoma kumi na watatu.

"Uongo!"

Ilikuwa sauti ya kuita ng'ombe kutoka Maganzo. Wa Kushoto alikuwa ametoka mahali pake, kofia imekaa upande.

"Uongo mtupu! Arobaini? Huyo babake alikuwa mwizi wa mtamba! Marehemu baba yangu amekufa akidai mtamba wetu, na hawa wanampa kumi na watatu!"

Hata mbuzi waliacha kutafuna. Bwana Shauri akageuka kwa Mkuu. Kiswahili chake kilikuwa cha Boma, kimenyooka kama rula.

"Mzee. Sahau karatasi. Ninyi hapa kazi yenu hasa nini?"

Mkuu akafungua mdomo. Mzee yule Kiswahili chake na Kisukuma vililala kitanda kimoja, na akiwa na wasiwasi hakujua amekamata kipi.

"Tunalindila shauri, Bwana," akasema.

"Mnalinda Shauri?" Bwana Shauri akajigusa kifua. "Mimi?"

Uso wake ukazidi wekundu, mpaka masikio. Nadhani katika miaka yote aliyokaa kwetu hakuna aliyekuwa amemwambia neno kama hilo. "Mnanilinda mimi," akarudia. "Vizuri. Vizuri sana." Karani akachovya kalamu, tayari kuandika kwamba kikosi kibaki.

Msomaji, tulikuwa tumepona! Kwa kosa lile lile lililotuzaa, tulikuwa tumepona mara ya pili. Mtemi alikuwa anamkonyeza Mkuu kwa jicho, kisha kwa jicho la pili, kisha kwa uso wote: nyamaza. Mimi nilikuwa naomba kwa dini zote nilizozikuta Geita.

Mkuu hakuwa anamtazama Mtemi. Alikuwa anamtazama Wa Kushoto, ambaye alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mnene, amechoka, machozi yanamtoka kwa ajili ya mtamba ambaye hata hakupata kumwona.

"Kijana," Mkuu akaniita. "Mweleze Bwana. Yote, kama mayu alivyosema. Neno kwa neno."

"Mzee, kofia..."

"Najua iko wapi kofia. Mweleze."

Nikaeleza. Nilijaribu kuongeza simba mmoja mdogo mahali fulani, lakini Mkuu aliniangalia, nikamtoa. Nikasema kulindila ni nini, nikasema mtamba, mashahidi wanne, karani wa kanzu, kitambaa chekundu. Watu walikuwa wanatazama chini. Wa Kushoto aliposikia kwamba sababu ya kikosi kizima ni shauri la baba yake, alikaa chini kama gunia.

Mkuu akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili akamngojea Bwana Shauri aseme.

Bwana Shauri akaitazama ile kofia. Alikuwa amepoteza walinzi wake mwenyewe dakika tano tu tangu awapate, na nadhani lilimuuma. Lakini alikuwa mtu wa sheria, wa zile sheria zilizofungwa kwa uzi mwekundu.

"Shauri hili lilikatwa?" akamuuliza Mtemi.

"Halijakatwa."

"Lilifutwa?"

"Halijafutwa, Bwana. Liliahirishwa tu."

"Kwa hiyo hawa si walinzi. Ni wenye shauri, na mashahidi, na warithi wao." Akamwambia karani aandike. "Serikali haiwezi kumfukuza mtu barazani kabla shauri lake halijasikilizwa. Mtemi, lisikilize shauri hili mwezi ujao. Likikatwa, kikosi kivunjwe siku hiyo hiyo, wote waende nyumbani. Kabla ya hapo..."

Hakumaliza, alikuwa anapanda gari akitazama nyuma yake kwa wasiwasi. Lakini Mtemi wetu alikuwa hodari wa kumalizia maneno ya watu.

Mwezi uliofuata baraza likakaa, limejaa mpaka juu ya miti. Mkuu alikuja amevaa kofia, amesimama wima kuliko siku zote. Ilitosha Wa Kushoto kusema maneno kumi tu. Mtamba ni wetu, mashahidi walikuwepo, naomba hukumu. Angepata ng'ombe wake, na uzao wa miaka yote hiyo, naye angekuwa tajiri, na sisi wote tungekuwa wazee wembamba.

"Mdai," akasema Mtemi. "Simama. Una ushahidi?"

Wa Kushoto akasimama. Akamtazama Mkuu, na Mkuu akamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza niliwaona wanatazamana, maana kazi yao ilikuwa kutazama mbele.

"Ninao, Mtemi," akasema. "Shahidi wangu ninaye. Ila kaenda Geita, machimboni."

"Atarudi lini?"

"Hakusema."

"Mshtakiwa, una pingamizi?"

"Shauri ni lake, Mtemi," akasema Mkuu. "Mtu asiharakishwe."

"Limeahirishwa," akasema Mtemi, upesi kuliko nilivyopata kumsikia akisema lolote.

Siku ile watu hao wawili waligawana ugoro, wakapiga chafya pamoja langoni mpaka Mtemi akatuma mtu kuuliza kuna nini.

Tangu hapo kazi ya cheti changu ikawa moja. Kila mwezi niliandika Boma barua, fupi sana kwa mtu wa kipaji changu: shauri lingali mbele ya baraza, shahidi hajafika. Mwezi mmoja niliandika ameumwa. Mwingine niliandika mvua. Bwana Shauri alijibu mara moja tu. Aliuliza kama shahidi huyo yupo kweli. Nikampelekea Mtemi ile barua, akaisikiliza yote, akaomba nimrudie sentensi ya mwisho, kisha akaniambia nimjibu kwa adabu kwamba swali hilo ni zito, na baraza haliwezi kulijibu bila kuleta shahidi.